Gari la kwenye picha: masahihisho marefu

Nimekuwa kimya hapa kwa karibu wiki tatu na wengine mmeshaanza kuniuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha. Nilikuwa nahangaika na aibu yangu mwenyewe, na leo nimeamua kuimwaga hapa kwa urefu, maana gazetini nilipewa mistari minne tu ya masahihisho.

Kisa kilianza hivi. Nilitumwa Morogoro kuandika habari za biashara ndogondogo zilivyobadilika tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kutoka Dar, Juni 2024. Kazi ikaisha mapema, nikalala kwenye nyumba ya wageni moja ya zamani upande wa mlimani, zile zenye kuta nene na feni inayolalamika usiku kucha. Sitaitaja. Ukumbini kwao, kati ya kalenda ya benki na picha ya kwaya, kuna picha ya zamani iliyowekwa kwenye fremu. Gari. Lakini gari la aina gani! Limenyanyuka juu kama mtu aliyekunja suruali kuvuka maji. Magurudumu makubwa yenye spoku za mbao. Upande wa dereva hauna mlango. Mizigo imefungwa nyuma mpaka unajiuliza abiria wanakaa wapi. Wazungu wawili wamevaa kofia za jua. Mbele ya gari kuna kamba, na kwenye kamba kuna watu.

Chini ya picha mtu alibandika karatasi iliyopigwa chapa: “Gari la jeshi la Wajerumani, Vita Kuu ya Kwanza, Morogoro, 1916.”

Mwandishi wa habari akiona kitu kama hicho, na siku hiyo mhariri anamdai makala ya ukurasa wa wikiendi, mnajua kinachotokea. Nikaipiga picha ile picha. Nikaandika maneno 600 kuhusu Jenerali von Lettow-Vorbeck, kuhusu vita vya Uluguru, kuhusu gari la ajabu lililopita mjini likikimbia Waingereza. Nikatia na chumvi zangu. Ikatoka Jumamosi, picha kubwa, jina langu juu. Mama akanipigia kutoka Tabora kunipongeza.

Jumatatu ikaingia simu nyingine.

“Wewe ndiye uliyeandika habari za lile gari?”

“Ndiyo. Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Umedanganya watu.”

Alikuwa mzee mmoja wa Morogoro, fundi makanika aliyestaafu, Mluguru wa Matombo. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alisema kama nina nafasi nirudi, yeye yuko kijiweni kwenye kahawa, karibu na soko kuu, kila siku baada ya alasiri. Nikarudi kwa nauli yangu.

Kabla ya gari tukaanza na salamu, na kabla salamu hazijaisha akaniuliza kabila. Nikamwambia Mnyamwezi. Kijiwe kizima kikacheka. Kwa wasiojua: Waluguru na Wanyamwezi ni watani, na utani huo ni wa tangu enzi za misafara iliyokuwa ikitoka bara kwenda pwani na kurudi, ikipita hapohapo chini ya milima. “Mnyamwezi anaandika habari za magari!” mzee akasema. “Kazi yenu nyie ni kubeba. Mtajuaje cha kukokotwa na injini?” Nikamjibu kwamba tulikuwa tunabeba kwa sababu Waluguru walikuwa wamejificha mlimani. Basi, tukawa ndugu. Kahawa nikalipa mimi.

Akaniambia, lete picha. Nikaikuza kwenye simu.

“Acha kuangalia Wazungu. Angalia huo mwanga,” akasema, akionyesha kwa kucha nafasi kati ya tumbo la gari na ardhi. “Magari ya enzi zile yalitengenezwa kwa barabara za kwao. Hili limenyanyuliwa makusudi. Fundi aliyeliunda aliambiwa: linakokwenda hakuna barabara. Na gari kama hilo hawatengenezi mia. Wanatengeneza moja, kwa mtu mmoja, kwa hesabu yake.”

Akaendelea na watu. Hakuna askari hata mmoja pichani. Hakuna bunduki begani, hakuna mkanda wa risasi, hakuna sare. Wanaovuta kamba wamevaa shuka na kaniki. “Jeshi linalokimbia linapiga picha bila askari?”

Kuhusu mwaka hakusema kitu. Alinitazama tu, kwa sababu hilo hata mtoto wa sekondari alipaswa kulijua. Majeshi ya Waingereza na Makaburu chini ya Jenerali Smuts yaliingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916, na von Lettow-Vorbeck alikuwa ameshaupisha mji, anarudi nyuma kupitia Uluguru kuelekea Kisaki. Mwaka huo magari yaliyojaa njia za Morogoro yalikuwa ya upande wa Waingereza. Wajerumani walikuwa wanabebewa kila kitu vichwani. Haya yote nilikuwa nayajua. Nina shahada. Niliyajua na bado nikanakili kikaratasi cha ukutani.

Pale kijiweni kulikuwa na mzee wa pili aliyeshikilia kwamba hilo ni gari la Safari Rally. Msimcheke. Mashindano yale yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na yalizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa hiyo wazee wengi wa njia hii wana kumbukumbu za magari yaliyojaa tope yakipita usiku. Mzee akatutajia Bert Shankland wa Dar es Salaam, aliyeshinda mwaka 1966 na 1967 akiwa na Peugeot 404, kama vile anataja mchezaji wa timu yake ya utotoni. Lakini fundi wetu akamkata: Peugeot ya 404 ina rimu za chuma na bodi iliyofunikwa, na hili la pichani lina spoku za mbao kama mkokoteni. Tofauti yake na 404 ni nusu karne.

Kwa hiyo tulikuwa na gari la kabla ya vita, la kipekee, lililoundwa kwa ajili ya mahali pasipo na njia. Mzee akaongeza kitu ambacho nilikichukulia kama porojo. Alisema linamkumbusha Unimogi aliyowahi kuitengeneza zamani, gari la misheni moja. “Ule mwinuko. Wajerumani wana tabia zao.” Kumbuka neno hilo, nitalirudia.

Usiku nikaingia mtandaoni. Nilipoteza saa nyingi kwa kutafuta kwa Kiingereza, nikawa naletewa vifaru na malori ya vita. Saa saba usiku ikanijia akili ya kuandika majina ya miji kwa tahajia waliyotumia Wajerumani wenyewe, Daressalam kama neno moja, Mpapua badala ya Mpwapwa, Kilossa kwa esi mbili. Hapo mlango ukafunguka. Kuna kitabu kilichotoka Berlin mwaka 1910 kinachosimulia safari ya kuvuka Afrika kwa gari, na picha za safari hiyo zimo kwenye maktaba kadhaa za kidijitali. Nikaweka picha yangu upande mmoja na zile upande mwingine. Umbali wa bodi na ekseli. Sura ya pua. Mpangilio wa mizigo nyuma. Wadau, niliamka kitini. Ni lilelile.

Mwenye gari anaitwa Paul Graetz, aliyezaliwa Zittau mwaka 1875, afisa wa jeshi la Kijerumani aliyetumikia huku kwetu ilipoitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Aliliagiza kwa kiwanda cha Süddeutsche Automobilfabrik, mji wa Gaggenau, kusini mwa Ujerumani. Injini ya silinda 4. Tumbo la gari lipo sentimita 35 juu ya ardhi, kwa magari ya mwaka ule ni sawa na kumvalisha mtu mirunda. Hakuna duka lililokuwa linauza gari kama hilo. Liliundwa kwa safari moja tu, kama alivyosema mzee bila kusoma kitabu chochote.

Na Gaggenau? Kiwanda kile kilimezwa na kampuni ya Benz mwaka 1910, na miongo minne baadaye, kuanzia 1951, ndipo palipokuwa panatengenezwa Unimogi. Nilipompigia mzee asubuhi kumweleza hilo alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Sasa umeamini?”

Tarehe 10 Agosti 1907 Graetz aliondoka Dar es Salaam kuelekea magharibi. Hapa nitawaomba mtulie kidogo maana kuna jambo linalonifurahisha sana. Siku hiyohiyo, tarehe 10 Agosti 1907, Mwanamfalme Scipione Borghese wa Italia aliingia Paris na gari lake aina ya Itala, akiwa mshindi wa mashindano ya Beijing mpaka Paris yaliyoanza tarehe 10 Juni. Miezi miwili barabara. Mwaka uliofuata ukaja mzunguko wa New York mpaka Paris. Ndiyo michezo ya magari ya wakati ule: hakuna uwanja wa kuzunguka, mnapewa bara zima na mnaambiwa vukeni. Kwa hiyo lile gari la Uluguru ni ndugu wa magari ya mashindano, si ndugu wa malori ya vita. Karatasi ya ukutani ililipa gari ukoo usio wake, na mimi nikaupigia muhuri.

Borghese alikimbia. Graetz je?

Alifika Swakopmund, pwani ya Namibia ya leo, tarehe 1 Mei 1909. Nilihesabu siku moja moja kwenye kalenda, ni siku 630. Alipita Morogoro, Kilosa, Mpwapwa, Tabora, akashuka kusini mwa Ziwa Tanganyika, akaingia Zambia ya leo, Bulawayo, Johannesburg, jangwa la Kalahari, Windhoek. Kama kilomita 9,500. Gawanya kwa siku 630: kilomita 15 kwa siku.

Kilomita 15 kwa siku ni mwendo wa mtu anayetembea na mzigo kichwani. Ndio mwendo wa msafara wa wapagazi, na misafara mingine ilipita hapo. Najua mtasema si haki, kwamba ndani ya siku zile kuna miezi ya kusubiri spea zije kwa meli kutoka Ujerumani baada ya injini kuvunjika. Ni kweli. Lakini mpagazi naye alikuwa anaugua, anasubiri mvua ipite, anasubiri mto ushuke. Na hakuhitaji silinda kutoka Ujerumani.

Hapa ndipo nilipoacha kuangalia gari nikaanza kuangalia kamba.

Jiulizeni petroli ilitoka wapi. Mwaka 1907 hakukuwa na kituo cha mafuta Kilosa. Hakukuwa na kituo Mpwapwa wala Tabora. Reli kutoka Dar, iliyoanza kujengwa mwaka 1905, ilikuwa bado njiani. Iliingia Morogoro mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1907, na Tabora ikafika 1912. Farasi na ng'ombe wa kukokota hawakuwa na maisha huku kwa sababu ya mbung'o. Basi ili gari lisonge mbele, mafuta yalibidi yatangulie, na yalitangulia kwa njia iliyokuwepo: kichwani mwa mtu.

Enzi zile mafuta yalisafirishwa kwenye makopo ya bati ya lita kama 18 hivi. Mnayajua, msiseme hamyajui. Ndiyo debe. Lile tunalopimia mahindi sokoni Morogoro hadi leo, mtoto wake wa ukoo ni kopo la mafuta lililobaki tupu likapewa kazi nyingine. Debe moja la petroli lina uzito wa kilo 14 hivi pamoja na bati lake. Mawili ni 28, na kilo 28 ni mzigo wa mpagazi mmoja, kama vile mtu alikaa akapima. Madebe mawili, mtu mmoja, siku kadhaa kwa miguu, anayaweka chini, anageuka. Nyuma yake, wiki au miezi baadaye, linakuja gari la kwanza kupita njia ile, na kitabu kinaandikwa kwamba limepita kwa nguvu za injini yake.

Vitabu vinamwita Graetz mtu wa kwanza kuvuka Afrika kwa gari. Sina ubishi na sifa yake, na Kalahari si mchezo, jamaa alijitolea kweli. Nasema tu kwamba kila mahali gari lilipofika kwa mara ya kwanza, mafuta yake yalikuwa yameshafika kwa miguu.

Na mito. Ukitoka Dar kwenda Morogoro huwezi kuukwepa Ruvu, na maji ya Ruvu yanatoka hukohuko Uluguru. Leo unapita juu ya daraja ukiwa unachati, hujui hata kama kuna mto. Bila daraja, gari lenye mzigo kama ule linavushwa kwa kamba. Ndiyo kazi ya kamba pichani. Nilikuza picha mpaka ikawa vumbi nikahesabu: watu 17 wanaoonekana, na mkono mmoja unaotokea pembeni ambao mwenyewe amekatwa na fremu. Sijui nimweke wapi huyo, namhesabu wa 18 nusu.

Tuliukumbuka mwaka pamoja na mzee, tukirudi kijiweni siku ya pili. Agosti 1907. Vita vya Maji Maji vilivyoanza 1905 vilikuwa ndiyo kwanza vinazimwa, na mawimbi yake yalifika mpaka pande za Kilosa. Kodi ya nyumba ilikuwepo tangu 1898, mwaka 1905 ikawa kodi ya kichwa, na asiyekuwa na rupia alilipa kwa mikono yake, na moja ya kazi za kulipia ilikuwa kutengeneza barabara. Mzee alisema kwao Matombo alikua anasikia wazee wakiita kazi za namna hiyo kwa neno moja tu: kuitwa. “Fulani ameitwa.” Hawakusema kaenda kazini.

Kisha, maana watani hawawezi kukaa kimya muda mrefu, akasema, “Lakini hawa si Waluguru. Tazama shingo hizo. Hawa Wanyamwezi. Huyu wa tatu ni babu yako kabisa.”

Kila mtu akacheka, mimi pia. Ila nilipofika chumbani niliirudia ile picha na nikamtafuta wa tatu.

Nyumbani kwetu kuna habari moja ambayo bibi alikuwa anaisimulia bila mapambo, kwamba babu wa babu alikwenda pwani mara mbili na mara ya pili alirudi na kisogo kisichoota nywele. Mzigo uliisugua. Tulikuwa tunacheka tukiwa wadogo. Hatukuuliza alibeba nini. Pembe? Nguo? Masanduku ya padri? Sisemi alibeba petroli ya Graetz, msije mkaandika huko kwamba nimesema, nimeshaadhirika mara moja inatosha. Nasema alipita njia hiyohiyo, chini ya milima hiyohiyo, kwa mwendo uleule wa kilomita 15.

Kuna hadithi moja ya Marekani nilimsimulia mzee akaipenda kuliko zote. Lile shindano la New York mpaka Paris la mwaka 1908 lilishindwa na gari aina ya Thomas Flyer, dereva wake George Schuster. Miaka mingi baadaye, katika miaka ya 1960, tajiri mmoja wa Nevada aitwaye Bill Harrah alinunua gari chakavu lililosemekana ndilo lenyewe. Alitaka uhakika. Akamwita Schuster, wakati huo ana zaidi ya miaka 90. Mzee alilitazama akawa na mashaka. Gari likafunguliwa, kipande kwa kipande, mpaka wakafika kwenye viraka na marekebisho ambayo yeye mwenyewe aliyafanya njiani mwaka 1908, mahali ambapo hakuna mtu mwingine angejua pa kutazama. Akakubali. Leo gari hilo lipo kwenye jumba la makumbusho mjini Reno. Itala ya Borghese nayo ipo, Turin.

“Umeona,” mzee akasema. “Rangi wanapaka upya. Bodi wanabadilisha. Kidonda hakidanganyi.” Akaeleza kwamba hata yeye, ukimletea gari alilolitengeneza miaka 40 iliyopita, hatazami namba ya chasisi kwanza. Anapitisha kidole mahali alipochomelea. Kila fundi ana mkono wake, kama mwandiko. Aliongea kuhusu kuchomelea kwa karibu nusu saa, kuhusu gesi, kuhusu vijana wa siku hizi wanaoficha ufa kwa rangi, na nilimwacha aongee kwa sababu nilikuwa nawaza kisogo cha babu wa babu.

Nikarudi Dar nikamkabili mhariri. Ndugu zangu mnaosoma uandishi wa habari chuoni, hakuna somo linalokuandaa kwa dakika ile. Nilitaka ukurasa mzima wa kusahihisha ukurasa mzima. Akanitazama kama mtu aliyeomba mkopo. Alisema wasomaji hawajalalamika, amelalamika mzee mmoja, na ukurasa una tangazo. Tukavutana. Mwisho nikapewa mistari minne, ukurasa wa 6, chini ya tangazo la mnada wa matrekta: kwamba gari lililochapishwa si la jeshi bali ni la Paul Graetz, lililoundwa Gaggenau, na mwaka si 1916 bali 1907. Watu wa kwenye kamba hawakutosha kwenye mistari minne.

Ndiyo maana naandika hapa.

Jumapili iliyopita nikapanda SGR asubuhi. Sijui kama mmeshaona, kabla ya kufika Morogoro milima inakuja taratibu upande wa kushoto, na ukiwa hujalala unaweza kuitazama muda mzuri. Nilikuwa na karatasi mpya kwenye bahasha, nimeichapa mwenyewe. Nilikuwa nimeshampigia mwenye nyumba ya wageni, mama mmoja mkarimu, akasema nije tu, kwamba ile ya zamani aliikuta ukutani aliponunua jengo na hakuwahi kuisoma.

Mzee nilimchukua kwa bodaboda kutoka sokoni, akalalamika njia nzima kwamba pikipiki inagonga, tapeti zinahitaji kurekebishwa, na kwa kweli zilikuwa zinagonga. Alipoiona picha yenyewe kwa mara ya kwanza, si kwenye gazeti wala kwenye simu, alisogea mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo. Akakifuta kwa mkono wa shati. Akakaa hivyo kwa muda. Mama akaleta chai.

Tukabandua ile ya zamani kwa kisu cha meza, tukabandika mpya. Mzee alikuwa ameisoma kwanza, akanisahihisha sehemu moja. Nilikuwa nimeandika “wasaidizi”. Akasema futa, msaidizi ni mtu anayekushikia spana. Sikuwa na printa, kwa hiyo nikafuta kwa kalamu na neno jipya nikaliandika kwa mkono, juu yake. Sasa inasomeka:

“Gari la Gaggenau la Paul Graetz, lililotoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907 na kufika Swakopmund tarehe 1 Mei 1909. Liliundwa moja tu. Pichani pia wavutaji 17, na mmoja anayeonekana mkono.”